Shevroleti ya Kizota

Wanunuzi wa chuma chakavu walishaipima kwa macho,
walishaikata vipande vichwani mwao,
nami nikapita na baiskeli, futi ya ushonaji shingoni,
nikauliza: kilo ngapi?
Wakacheka. Nikalipa bei ya chuma,
mlango wa nne nikauchukua kwa mkopo.

Tuliivuta kutoka Kongwa kwa trekta la Chilongola,
siku nzima na nusu, juu ya matairi ya kuazima.
Shevroleti, mwaka hamsini na saba, usukani kushoto,
mabawa nyuma kama panzi anayewaza kuruka.
Chini ya kiti tulikuta karanga moja,
nyeusi, ngumu kama kokoto.
Sechelela, mke wangu, akasema: hiyo ndiyo injini.

Mimi ni mshonaji. Naujua upindo, naujua mkato wa suruali;
kabureta nilidhani ni ugonjwa.
Basi nikaanza na ninachokijua: kiti.
Jumamosi ya kwanza, sponji.
Ya pili, uzi wa nailoni wa washona viatu.
Ya tatu sikufanya kitu, palikuwa na msiba Hombolo.
Mwezi ukaisha nina kiti kimoja
kizuri kuliko chochote kilichomo nyumbani mwetu.
Tukakaa hapo jioni, wawili,
tukitazama ukuta wa jirani
kupitia kioo ambacho hakipo.

Kisha mradi wa kitasa.
Kisha mradi wa waya mmoja, mwekundu, uliotafunwa na panya.
Siku hiyo taa ya ndani iliwaka,
mtaa mzima umekatiwa umeme,
na Yoramu akamalizia hesabu zake za sehemu
akiwa ameacha mlango wazi, mguu mmoja nje.

Fundi Malogo wa karibu na reli
alinifundisha kusafisha kabureta
kwa mswaki wa mtoto na petroli ya kikombe cha chai.
Kebo ya choki nimeing'oa kwenye breki ya baiskeli;
ndiyo maana siku hizi baiskeli
naisimamisha kwa soli ya kiatu.

Bandu bandu huisha gogo, husema watu.
Mimi, Mgogo wa Kizota, nikamwambia mke wangu:
bandu bandu, gogo hili linarudi kuwa mti.
Akaniuliza: na bati la jikoni?
Tukakubaliana. Kifaa kimoja cha gari, bati moja la jiko.
Jiko limeshaezekwa.
Gari bado halina boneti.

Julai, upepo wa hapa haupigi hodi.
Nilipaka rangi ya msingi, ya kijivu, laini;
asubuhi ilikuwa kashata.
Nikapiga msasa. Nikapaka. Kashata.
Msasa unafundisha kitu, sijui ni kitu gani,
ila mkono wangu wa kulia sasa unausikia mkunjo
kwenye kitambaa cha mteja
kabla jicho halijauona.

Saa ya kwenye dashibodi ilifufuka yenyewe, Jumanne,
nilipoubamiza mlango kwa hasira.
Inasema tisa. Sisi tunajua ni saa tatu.
Sijaigusa. Mgeni naye aachiwe kitu chake.

Mwezi huu ulikuwa mradi wa buti.
Nimenunua bawaba mbili, nimekopa drili,
nikafungua:
mtetea wa jirani, hapepesi jicho,
mayai kumi na moja kwenye shimo la tairi la akiba.
Nikateremsha kifuniko polepole,
nikaegesha jiwe ukingoni, hewa ipite.
Siku ishirini na moja.

Nimempelekea Malogo ujumbe
kwamba gari limesimama kwa sababu za kiufundi.
Malogo akauliza:
kwani lilikuwa linakwenda?